Mkutano wa Seattle wa 1986 na hesabu iliyotuletea VCD

"Kaka, ISO yake unayo, au nikuwekee ya kwangu?"

Hilo ndilo swali la kwanza atakalokuuliza fundi ukimpelekea kompyuta ambayo Windows yake imegoma. Haulizi kama unajua ISO ni nini. Anauliza kama unayo. Ukisema huna, anachomoa flashi kwenye droo, anatafuta faili moja zito lenye mkia wa .iso, yaani nakala ya sahani nzima, CD au DVD, ya kuwekea Windows, kisha anakwambia usubiri pale kwenye benchi. Nimelikalia benchi hilo mara nyingi. Siku moja nikamuuliza kwa nini inaitwa ISO. Akacheka: "Ndivyo inavyoitwa, kaka."

Inaitwa hivyo kwa sababu ya mikutano miwili ya Marekani ambayo kwetu haitajwi kabisa. Wa kwanza ulikuwa mdogo, wa wahandisi wa kampuni zilizokuwa zikishindana, uliofanyika Novemba 1985 kwenye hoteli ya kamari kando ya Ziwa Tahoe, Nevada. Wa pili ulikuwa mkubwa: Machi 1986, mjini Seattle, Microsoft iliwaita watu wa kompyuta, wachapishaji wa vitabu, wakutubi na watengenezaji wa vifaa vya muziki waje wazungumzie CD-ROM, yaani CD ya kubebea data za kompyuta, kitu walichoamini ndicho kitakachobeba maandishi, sauti na picha za dunia nzima.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kwa dhihaka: walitabiri CD, ikaja intaneti, wakaumbuka. Naona dhihaka hiyo inawaonea. Hesabu walizopiga zilikuwa sahihi. Walikosea mahali pengine, na kosa lenyewe linavutia zaidi. Sisi huku tuna sababu ya pekee ya kulielewa, maana ulimwengu waliouota Seattle uliendelea kuishi Kariakoo ya Dar es Salaam na River Road ya Nairobi miaka mingi baada ya kufa kule kwao.

Muziki hukisiwa, kitabu hakikisiwi

CD ilizaliwa kwa ajili ya muziki. Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani ziliafikiana kanuni zake mwaka 1980, na CD za kwanza zikaingia madukani Japani Oktoba 1982. Kanuni hizo ziliwekwa kwenye kitabu chenye jalada jekundu, na tangu hapo kila aina mpya ya CD ikapewa kitabu cha rangi yake.

Kwenye CD muziki ni namba tupu. Mwali wa leza unapita juu ya vishimo vidogo mno, na kila sekunde ya wimbo imekatwa vipande 75, kila kipande kikiwa na baiti 2,352 (baiti moja inatosha kuandika herufi moja). Sasa namba ni namba. Zikiweza kuwa taarabu zinaweza pia kuwa kamusi. Wazo hilo halikuhitaji mtu mwenye akili za ajabu. Kilichohitaji akili ni mkwaruzo.

Deki ya muziki ikikuta baiti zilizoharibika na ikashindwa kuzirekebisha, hutazama sauti iliyotangulia na ile inayofuata, ikakisia ya katikati. Sikio halina habari. Lakini huwezi kukisia maandishi. Kitabu cha dawa kikisema miligramu 50, na mashine ikakisia 500, mtu anakufa. Programu ya kompyuta nayo ikikosewa baiti moja inaweza isifunguke kabisa. Kwa hiyo mwaka 1983 kikaja kitabu cha manjano, cha CD-ROM, kikaamua kujinyima: katika kila kipande cha baiti 2,352, data yenyewe ipewe 2,048 tu. Baiti 276 zikawekwa kando kwa kazi ya ukarabati, na chache zilizobaki zikawa za anwani na ukaguzi.

Ukarabati wenyewe unafanana na daftari la duka. Mwenye duka anayejali huandika jumla chini ya kila safu na pembeni mwa kila mstari. Tone la chai likifuta namba moja, hapigi ramli. Anachukua jumla, anatoa zilizobaki, namba iliyofutika inarudi kama ilivyokuwa. Hesabu za CD ni ngumu kuliko hizo, ila ujanja ndio huo.

Vipande 75 mara baiti 2,048 ni baiti 153,600 kwa sekunde. Namba hiyo tuiweke kiporo, tutairudia. CD ya dakika 74 inabeba baiti milioni 682, ambazo fundi wangu anaziita MB 650. Mwaka 1986 flopi ya kawaida ya kompyuta ya IBM ilibeba KB 360, kwa hiyo CD moja ilikuwa sawa na flopi 1,800 na ushee. Hadi diski ngumu ya MB 20 ilionekana ni utajiri. Mtu aliyeishika CD-ROM kwa mara ya kwanza mwaka ule alikuwa ameshika kabati zima la ofisi kwa vidole viwili.

Hoteli ya kamari

Kitabu cha manjano kilikuwa na pengo. Kilieleza baiti zinavyolala kwenye sahani, kikanyamaza kuhusu mafaili: yanaitwaje, yameanzia wapi, yamo kwenye folda gani. Kila kampuni ikajitungia utaratibu wake. Ukinunua CD ya kampuni hii, kifaa cha kampuni ile kinaisoma kila baiti bila kujua kitabu kinaanzia wapi. Wachapishaji walipoona hivyo wakarudi nyuma. Nani atoe kitabu kimoja kwa miundo sita?

Ndipo Microsoft, Apple, Digital Equipment, Hitachi, 3M, Philips, Sony na wengine wadogo wakatuma watu wao Ziwa Tahoe. Hoteli iliitwa High Sierra, na muundo waliouandika ukabeba jina la hoteli. Ni ushahidi mzuri wa jinsi mapatano ya namna hii yanavyopatikana: hakuna aliyepata alichotaka chote. Majina ya mafaili yaliwekwa herufi kubwa, nane na mkia wa tatu, kwa sababu DOS, mfumo endeshi wa Microsoft wa wakati huo, haikuelewa zaidi ya hapo. Folda ndani ya folda zikaishia ngazi nane.

Bonge la ubishi lilikuwa kwenye namba. Kompyuta zenye chipu za Intel huandika namba ndefu zikianzia mwisho wake mdogo. Zenye chipu za Motorola, kama Macintosh ya wakati huo, huanzia mwisho mkubwa. Ni kama tarehe: mmoja anaandika 15/3/1986, mwingine 1986/3/15, na kila mmoja anamwona mwenzake kachanganyikiwa. Ukichagua upande mmoja, kompyuta za upande wa pili zitalazimika kugeuza kila namba, na wenyewe watanuna. Suluhisho likawa la kizee: andikeni mara mbili. Hadi leo, namba kuu za faharasa ya CD zimeandikwa mara mbili, kwanza kwa mtindo wa Intel, kisha kwa mtindo wa Motorola. Kila mashine inasoma inayoielewa na kuiruka nyingine.

Si lazima uniamini. Kuna programu za bure zinazofungua faili na kuonyesha baiti moja moja. Fungua .iso karibu yoyote, ruka vipande 16 vya mwanzo ambavyo viliachwa kwa matumizi mengine, yaani nenda baiti ya 32,768. Utakuta baiti moja, halafu herufi CD001. Shuka kidogo na utakutana na ukubwa wa sahani umeandikwa, na pembeni yake ukubwa uleule umeandikwa tena kinyumenyume. Ni ubishi wa wahandisi kwenye hoteli ya kamari, umekauka kama nyayo kwenye saruji.

Desemba 1986 shirika la viwango la Ulaya, ECMA, liliupitisha muundo huo kwa marekebisho madogo, na mwaka 1988 shirika la viwango la kimataifa, ISO, likaupa namba 9660. Mkia wa .iso umetoka hapo. Nilimpelekea fundi habari hii kwa furaha kubwa. Akanisikiliza kwa heshima, akaendelea na kazi yake.

Seattle

Mkutano wa Machi 1986 ulifanyika mwezi uleule Microsoft ilipoanza kuuza hisa zake kwa umma, tarehe 13, kwa dola 21 kila moja. Haikuwa bado kampuni kubwa tunayoijua, lakini Bill Gates alikuwa ameshashika jambo moja: kompyuta ya nyumbani ingebaki mashine ya wahasibu na wapenda michezo mpaka ipate kitu cha kusoma. Mwaka huo kampuni yake ilichapisha kitabu kizima kuhusu CD-ROM, na kwenye jalada ikaiita mafunjo mapya, kwa maana ya yale mafunjo ya mto Nile yaliyowapa Wamisri karatasi. Majigambo, bila shaka, lakini yanaonyesha walivyoiwaza: CD kwao ilikuwa kitu cha kuandikia, mrithi wa karatasi.

Mfano wa kushikika ulikuwepo tayari. Mwaka 1985 Gary Kildall, yuleyule aliyetunga mfumo endeshi wa CP/M na kuachwa nyuma na DOS ya Microsoft, alikuwa ameiweka ensaiklopidia ya Grolier kwenye CD-ROM. Vitabu 20, maneno kama milioni 9, na bado vilichukua sehemu ndogo tu ya sahani. Nafasi haikuwa habari kubwa. Habari ilikuwa kutafuta: unaandika neno moja, sekunde chache baadaye unapewa kila mahali lilipotajwa katika vitabu vyote 20. Kwa mkutubi wa mwaka 1985 huo ulikuwa muujiza.

Pamoja na hayo, ukumbini watu walikuwa wakitazamana. Mchapishaji alisema hatoi CD mpaka watu wawe na vifaa vya kuzisomea. Mtengenezaji wa vifaa alisema bei haishuki mpaka watu wanunue, na hawatanunua mpaka wachapishaji watoe CD. Hata Britannica, jina kubwa kuliko yote katika biashara ya ensaiklopidia, ilikuwa imefuatwa na Microsoft mwaka 1985 ikakataa. Ilikuwa na jeshi la wauzaji wa mlango kwa mlango na vitabu vilivyouzwa kwa zaidi ya dola elfu. Kwa nini ijichinje mwenyewe?

Kisha Philips na Sony wakaongeza moto. Habari iliyozungumzwa kuliko zote siku zile ilikuwa CD-I, sahani na deki ya kuwekwa chini ya televisheni, bila kompyuta yoyote: mama, baba na watoto wangekaa sebuleni wakibonyeza rimoti na kutembea ndani ya picha na maelezo. Watu waliokuja kuzungumzia CD ya kwenye dawati wakaambiwa mustakabali uko kwenye kochi. Ubishi wa dawati na kochi haukuisha siku ile, na kusema kweli haujaisha hata leo, umehamia tu kwenye simu na runinga za kisasa. Madhara yake ya papo hapo yalikuwa kusubiri: mchapishaji aliyekuwa akisitasita sasa alikuwa na sababu mbili za kusita. Na deki yenyewe ya CD-I ilikuja kuuzwa mwaka 1991, miaka mitano baada ya kutangazwa. Video ya kujaza skrini ikahitaji kifaa cha ziada kilichouzwa peke yake. Kabla muongo haujaisha ikawa marehemu.

Picha moja kila sekunde sita

Mbona video ilichelewa hivyo? Hapa ndipo tunakipasha moto kile kiporo.

Chukua picha ya kujaza skrini ya kompyuta, nukta 640 kwa 480, kila nukta ikihitaji baiti tatu za rangi. Hiyo ni baiti 921,600 kwa picha moja. CD inatoa baiti 153,600 kwa sekunde. Gawanya: picha moja inachukua sekunde sita kamili kutoka kwenye sahani. Televisheni ya Marekani inataka picha 30 kila sekunde. Pengo ni mara 180, bila mabaki. Na sahani nzima, ile ya flopi 1,800, ingejaa kwa video ya sekunde 25 hivi. Sekunde 25 hazitoshi hata majina ya waigizaji.

Kila aliyekuwa Seattle aliweza kuipiga hesabu hii, ndiyo maana wengi wao waliongea habari za maandishi na picha za mnato. Mwaka uliofuata, Machi 1987, kwenye mkutano wa pili uliofanyika mjini humo humo, watafiti kutoka maabara ya kampuni ya RCA ya Princeton, Marekani, walipanda jukwaani wakaonyesha video inayotembea, skrini nzima, ikitoka kwenye CD ya kawaida. Waliuita mfumo wao DVI na wakasema sahani moja inabeba zaidi ya saa nzima. Ukumbi uliojaa ukalipuka kwa makofi. Siri ilikuwa kugawa mzigo bila usawa: kazi ngumu ya kubana picha ilifanywa mapema kwenye kompyuta kubwa za maabara, ikichukua muda mrefu kwa kila dakika ya filamu, kazi nyepesi ya kuikunjua ilifanywa na chipu maalumu ndani ya kompyuta ya mtazamaji. Unga unasagwa kinuni mara moja, nyumbani ni kusonga tu.

DVI yenyewe ilipita mikono kadhaa ikaishia kwa Intel mwaka 1988, na haikuwahi kuenea. Lakini ilikuwa imeshathibitisha kwamba mara 180 si ukuta. Mwaka huohuo 1988 Mwitaliano Leonardo Chiariglione na Mjapani Hiroshi Yasuda wakaanzisha kamati ya kimataifa ya kutafuta njia moja ya kubana video na sauti. Kamati ikaitwa MPEG, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa biti milioni 1.5 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja). Kwa nini milioni 1.5? Kwa sababu huo ndio mwendo wa CD: baiti 2,352 mara vipande 75 mara biti nane ni 1,411,200. Kipimo cha video ya kidijitali ya mwanzo kiliwekwa na sahani iliyobuniwa kwa ajili ya nyimbo.

Walifikaje? Kwanza walipunguza nukta, wakashuka hadi 352 kwa 240, zaidi kidogo ya robo. Pili, wakatumia udhaifu wa jicho, ambalo ni hodari wa kutofautisha mwanga na kiza lakini si hodari wa kutofautisha mipaka ya rangi, hivyo rangi zikahifadhiwa kwa robo ya nukta. Mpaka hapo bado kulibaki kubana mara 26 hivi. Hiyo ndiyo kazi ya ujanja wa tatu. Mtazame mtangazaji wa taarifa ya habari: ukuta wa studio nyuma yake haujajongea tangu alipotoa salamu. Kuna haja gani ya kuutuma mara 30 kila sekunde? Utume mara moja, kisha kila fremu inayofuata iseme tu: kama iliyopita, ila midomo imehamia hapa na kope zimeshuka. Kila baada ya muda mfupi hutumwa picha nzima upya, ili makosa yasirundikane.

MPEG-1 ikakamilika mwaka 1992. Ndani yake kulikuwa na tabaka tatu za kubana sauti, na la tatu, lililotokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, tunalijua kwa jina la MP3. CD moja ya MP3 inameza nyimbo 170 na zaidi. Kila dereva wa daladala aliyewahi kuning'iniza CD kwenye kioo na nyingine kuichezesha tangu Mbagala hadi Posta alikuwa mnufaika wa kamati hiyo.

Sahani iliyokataliwa na wenyewe

Mwaka 1993 Philips, Sony, Matsushita na JVC wakachukua MPEG-1, wakaiweka kwenye CD ya kawaida, wakaandika kitabu cheupe. Ikaitwa Video CD. Marekani na Ulaya ziliitazama zikageuza shingo; kanda za VHS zilikuwa zimejaa kila nyumba, na DVD, iliyoingia sokoni mwaka 1996, ilikuwa na picha safi zaidi. Asia ndiko iliposhika, China hasa. Deki zake zilikuwa rahisi kutengeneza, sahani zake hazikuwa na kufuli la kuzuia kunakili, na mtu yeyote mwenye kompyuta ya kuchomea CD alikuwa kiwanda.

Sifa hizohizo ndizo zilizoileta kwetu. Kariakoo ilijaa deki za Kichina zilizoandikwa VCD kwa herufi kubwa. Filamu za Bongo zikauzwa kwenye VCD, moja ikikatwa Part 1 na Part 2 na kila sehemu kuuzwa peke yake. Watu husema hiyo ilikuwa tamaa ya wasambazaji, nami sikatai, lakini chini yake kulikuwa na sababu ya kihandisi: sahani haikubeba zaidi ya dakika 74 au 80. Tamaa ilipata kisingizio kizuri. Nairobi, maduka na studio za River Road zilizaa sinema za bei nafuu kiasi kwamba tasnia yenyewe ikaitwa Riverwood. Na kwenye vibanda umiza, filamu za kigeni zilipigwa zikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiswahili juu yake, Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya. Hakuna mtu Seattle aliyeota kwamba midia ya mchanganyiko (multimedia), waliyoihubiri kwa maneno makubwa, ingekuwa mtu mmoja na maikrofoni akimpa Jackie Chan maneno ya mtaani.

Kila aliyekua na VCD anaukumbuka ugonjwa wake. Filamu inafika patamu, picha inaganda, inajaa mirabaraba, kisha shujaa anaonekana upande wa pili wa chumba bila kujulikana alivyofika. Sasa unaweza kueleza kila dalili. Video CD ilizinyang'anya picha zile baiti 276 za ukarabati ili ipate nafasi zaidi, 2,324 kwa kila kipande badala ya 2,048, kwa hoja kwamba picha, kama muziki, inavumilia kasoro kidogo. Hoja nzuri kwa sahani mpya, si kwa iliyoazimwa nyumba tisa. Mirabaraba ni maagizo ya "kama iliyopita" yanayojengwa juu ya fremu iliyokwisha kuharibika, na yanaendelea kujazana mpaka picha nzima inayofuata ifike. Ndipo shujaa anapotokea upande wa pili.

Tulifuta kwa shati, kwa pindo la kanga, wengine kwa dawa ya meno. Tulikosea jambo moja: tulifuta kwa kuzungusha. Data za CD zinazunguka, kwa hiyo mkwaruzo unaofuata mzunguko unaua baiti nyingi mfululizo kuliko uwezo wa ukarabati wowote. Ilitakiwa tufute kutoka katikati kwenda nje, mistari mifupi mifupi, ili kila mkwaruzo mpya ukate njia badala ya kuifuata.

Bahasha dhidi ya waya

Turudi kwenye dhihaka ya mwanzo, kwamba hawakuiona intaneti. Modemu ya kawaida ya mwaka 1986, kifaa cha kupitishia data kwenye laini ya simu, ilipitisha biti 1,200 kwa sekunde. Kupeleka CD moja kwa modemu hiyo, bila simu kukatika hata mara moja, kungechukua siku 52. Mwaka huohuo Marekani ilianzisha NSFNET, mtandao wa vyuo vikuu uliokuja kuwa uti wa mgongo wa intaneti, na nyaya zake kuu zilikwenda biti 56,000 kwa sekunde. Hata huo, ukiutumia peke yako, ungechukua saa 27. Ukiitia CD kwenye bahasha ukampa dereva wa basi, angewahi kufika. Mtu aliyesema mwaka 1986 kwamba data zitasafiri kwa sahani alikuwa anasoma namba, si nyota.

Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba walichokuwa wakikijenga ni sahani. Walichojenga hasa ni mapatano: jinsi ya kupanga mafaili, jinsi ya kubana picha, jinsi ya kubana sauti. Sahani ilikuwa punda tu. Mapatano yaliposhuka mgongoni mwa punda yakapanda waya, na hayakuhitaji ruhusa ya aliyemfuga. MP3 ilitembea bila CD. Ving'amuzi vilivyoingia Dar es Salaam analojia ilipozimwa tarehe 31 Desemba 2012 ni vya ukoo uleule wa MPEG, vitukuu vya hesabu ya picha moja kwa sekunde sita. Biashara ya sahani yenyewe iliwaka na kuzimika haraka: Encarta, ensaiklopidia ya Microsoft kwenye CD-ROM, ilitoka 1993 kwa dola 395, ikashuka hadi 99, Britannica, iliyokuwa imekataa, ikauzwa 1996, Encarta nayo ikafungwa 2009, baada ya Wikipedia kuifanya ensaiklopidia kuwa kitu cha bure.

Mwaka huohuo wa 2009 mikongo ya chini ya bahari ilifika Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya hapo Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, waya mwembamba wa bei ghali, na hesabu ya bahasha dhidi ya waya ilibaki palepale ilipokuwa Seattle mwaka 1986. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Cornell kilipotaka kuvipa vyuo vya nchi maskini majarida ya kilimo mwaka 1999, hakikuwapa tovuti. Kiliwapa maktaba ya CD-ROM ndani ya sanduku, ikaitwa TEEAL.

Hata leo hesabu haijafutika, imebadilisha nguo. Swali la "siku ngapi" limekuwa "bando gani". Vijana bado wanakwenda kibandani kujaziwa tamthilia kwenye flashi kwa sababu kulipia msimu mzima huko ni nafuu kuliko kuuvuta kwa simu. Na fundi wangu haipakui Windows kila siku. Ameipakua mara moja, sasa inatembea kwenye droo.

Faili hilo la Windows nililifungua pia kwa ile programu ya baiti. CD001 ipo, mahali pake. Lakini muundo wa High Sierra ulitungwa kwa mafaili ya wakati wake, na faili moja haliwezi kuvuka GB 4 kirahisi, wakati faili kuu ndani ya Windows za sasa linaweza kuvuka hapo. Kwa hiyo Microsoft, mwenyeji wa Seattle, imehamishia mzigo wote kwenye muundo mwingine uitwao UDF, uliofichwa ndani ya faili lilelile. Upande wa ISO 9660 kumebaki faili moja la maandishi, README.TXT, jina la herufi kubwa, lisilozidi nane na mkia wa tatu, kama walivyokubaliana. Linasema sahani hii ina mfumo wa UDF, na inahitaji kompyuta inayouelewa.